Mjomba, usiuze santuri kwanza

Najua nimepotea hapa kibarazani kama wiki tatu hivi, na kuna walioanza kusema jamaa kadisko. Hapana bana, bado nipo sana. Test zilinikaba koo, halafu boom likachelewa, na mwenye njaa haandiki. Leo nimepata upenyo na kuna jambo linanikereketa, kwa hiyo vuteni subira, itakuwa ndefu kidogo.

Yote yalianzia kwenye kimbweta, Ijumaa moja jioni, tukiwa tunajidai tunapiga msuli. Mwenzangu wa chumba alikuwa amesoma mahali kwamba Marekani watu wamerudi kwenye santuri. Na ni kweli, mwaka 2022 kule ziliuzwa santuri kama milioni 41 wakati CD ziliuzwa kama milioni 33, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu 1987. Basi jamaa akatangaza kama mhubiri: "Santuri ndo sauti halisi. Dijitali ni sauti iliyokatwakatwa vipande, roho imeshatoka." Dada mmoja wa uhandisi, mtu wa mawimbi na mahesabu, akamwambia anaongea ushirikina. Wakaanza. Vitabu vikafungwa. Watu wa kimbweta cha pili wakahamia kwetu.

Mi nilikaa kimya, na si kawaida yangu. Mchana wa siku ileile mama alikuwa amenipigia simu. Mjomba wangu wa Morogoro amepata mtu anayetaka kununua santuri zake zote, sanduku zima, na bei ameshatajiwa. Mama akasema, "Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Nenda ukaziweke kwenye flashi, halafu yule bwana azichukue, mjomba wako apate hela ya bati." Yaani kwa mama mambo ni rahisi namna hiyo.

Sasa mnaona kwa nini nilikuwa kimya. Kwa wenzangu ule ulikuwa ubishi wa kupoteza muda kabla ya chakula. Kwangu mimi ulikuwa swali lenye tarehe. Kama yule dada yuko sahihi na dijitali inabeba kila kitu, basi weka kwenye flashi, uza, nunua bati. Kama mwenzangu yuko sahihi, flashi ya mama ni mkebe mtupu. Nikajikuta natakiwa kujua jibu kwelikweli.

Nimpe kwanza haki yake yule dada, maana kwa hoja za kitaalamu alimgaragaza mwenzangu vibaya.

Santuri inafanya kazi kimwili kabisa. Mfuo uliochongwa kwenye plastiki unayumba kama sauti ilivyoyumba, sindano inapita humo inatikisika, mtikisiko unageuzwa umeme, amplifaya inaukuza, spika inautoa. Hakuna namba hapo. Dijitali yenyewe inalipima wimbi mara nyingi sana kwa sekunde na kuandika namba. Kwenye CD, ambayo Sony na Philips waliileta sokoni 1982, vipimo ni 44,100 kila sekunde. Mwenzangu akadakia: "Ehee! Na kati ya kipimo na kipimo je? Si kuna mapengo?"

Hapo ndo wengi tunapoangukia, mimi nikiwemo. Tumeziona zile picha za wimbi lililochorwa kama ngazi, tukadhani sauti nayo inatoka na ngazi zake. Haitoki hivyo. Harry Nyquist aliligusa jambo hili mwaka 1928 na Claude Shannon akalithibitisha kwa hesabu mwaka 1949: ukipima kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wa haraka kuliko yote uliomo kwenye sauti, unaweza kulirudisha wimbi lote kamili, na yale ya katikati yamo. Ni kama mstari ulionyooka. Ukishapewa nukta mbili, ya tatu ya nini? Sikio la kijana linaishia kwenye hezi 20,000 hivi, la mtu mzima linaishia chini ya hapo. Vipimo 44,100 vinafika hezi 22,050. Mapengo anayoyasema mwenzangu hayapo.

Halafu njoo kwenye kelele. Kwenye CD yenye biti 16, kutoka sauti kubwa kabisa mpaka mnong'ono wa mwisho ni kama desibeli 96. Santuri mpya, safi, kwenye mashine nzuri, unapata 60 mpaka 70 hivi. Na kuna jambo ambalo mimi binafsi sikulijua mpaka nilipokaa nikapiga hesabu: santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inazunguka kwa mwendo uleule mwanzo mpaka mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Kwa hiyo nje kule sindano inapitiwa na kama sentimita 50 za mfuo kila sekunde, na karibu na kibandiko cha katikati inapitiwa na 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndo maana wimbo wa mwisho wa upande huwa na mkwaruzo wa ajabu kwenye herufi S. Mjomba anasema siku zote alidhani ni waimbaji wamechoka.

Hata hiyo "sauti halisi" yenyewe imepindwa. Besi ikichongwa ilivyo, mfuo ungeyumba mpaka uingie kwa jirani, kwa hiyo wakati wa kuchonga besi inapunguzwa na sauti nyembamba zinaongezwa, halafu amplifaya inageuza tena. Kanuni ya kufanya hivyo viwanda vya Marekani viliafikiana 1954. Ukichomeka santuri kwenye amplifaya isiyojua kanuni hiyo unapata sauti kama ya mbu.

Na kisa cha kumaliza ubishi kabisa ni hiki. Kuna kampuni ya Marekani, Mobile Fidelity, santuri zake zinanunuliwa kwa bei mbaya na watu wanaojisifia masikio yao. Mwaka 2022 ikabainika kwamba kwa miaka mingi kampuni ilikuwa inapitisha sauti kwenye hatua ya dijitali kabla ya kuchonga nyingi ya santuri zake. Wenye masikio yao walikuwa wanazisifu kwa joto la sauti isiyoguswa na kompyuta! Hawakugundua kwa kusikiliza, waligundua kwa kuambiwa. Teh teh teh.

Lakini sipendi kumcheka mtu halafu nikaondoka. Mwenzangu anaposema amesikia santuri na ikamvutia kuliko faili la kwenye simu, hadanganyi. Kitu alichosikia kipo, ila mchawi aliyemtaja siye. Kuanzia miaka ya 90 watengenezaji wa muziki walishindana nani wimbo wake utapiga kelele zaidi ukiwekwa kwenye redio. Sauti ndogo zikapandishwa, kubwa zikakatwa vichwa, kila kitu kikawa juu muda wote kama mtu anayekufokea tangu asubuhi. Albamu ya Metallica ya 2008, Death Magnetic, ilibanwa mpaka mashabiki wenyewe wakalalamika, wakagundua nyimbo zilezile zilizowekwa kwenye mchezo wa Guitar Hero zinasikika vizuri zaidi. Na zote mbili ni dijitali! Santuri haivumilii kubanwa namna ile, mara nyingi anayeandaa santuri analazimika kuwa na kiasi. Kwa hiyo mtu anasikia kiasi, anadhani anasikia plastiki.

Mpaka hapo mngesema basi, dada kashinda, uza sanduku. Na mimi nilisema hivyohivyo. Lakini ubishi wote huo wa wenzetu una kitu kimoja nyuma yake: mkanda mama upo kabatini mahali fulani. Wao wanabishana kama sauti ya mkanda ule inafika vizuri kwa santuri au kwa faili. Kwetu hali ni nyingine, na hilo nililiona nilipofika Morogoro.

Nilipanda treni Jumamosi asubuhi, nikafika kabla chai haijaisha. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, mbona umekonda, huko hawawapi chakula?" Sanduku liko chini ya kitanda, limefunikwa khanga ya marehemu bibi. Ndani humo ni santuri ndogo za mizunguko 45, zaidi ya mia. Polydor nyingi, na zile za Mzuri zilizotolewa na Assanand wa Mombasa. Morogoro Jazz, Cuban Marimba, Wakongo kadhaa. Chini kabisa kuna nne nzito za mizunguko 78, hizo ni za babu.

Kwa mzee wa Morogoro hii si burudani ya kawaida, ni habari ya mtaani kwake. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikwenda mpaka Japani, kwenye maonyesho ya Osaka 1970. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979, mjomba alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na mpaka leo akiisimulia siku ile anashusha sauti. Bendi zetu wakati ule zilirekodiwa na RTD kwa ajili ya kupigwa redioni, lakini kupata santuri ilibidi kuvuka mpaka, kiwanda kilikuwa Nairobi. Leo wenye kampuni wanapotaka kuzitoa upya nyimbo za zamani za Afrika, mara nyingi inabidi waanzie kwenye santuri iliyotunzwa na mtu kama mjomba. Santuri inakuwa ndo mkanda mama. Mjomba hajui kwamba analalia stoo ya taifa.

Wimbo mmoja wa Morogoro Jazz ninaujua tangu nikiwa mtoto. Ninao kwenye simu. Unasikika kama unapigwa ndani ya debe, gitaa ni nyaya tupu, besi haipo, na nilikuwa nimeshajijengea imani kwamba wazee hawakuwa na besi. Nikawahi hata kumwambia mjomba hivyo, naye akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Sasa fuatilia njia ya hilo faili langu. Mtu alikuwa na santuri, akairekodi kwenye kanda. Kanda ikachezwa mpaka ikachoka. Miaka ya 2000 akaipeleka duka la kuchoma CD, wakaigeuza MP3 ya kilobiti 128, yaani kama sehemu moja ya kumi na moja ya data iliyomo kwenye CD. Mtu mwingine akaipandisha YouTube, ikabanwa tena. Mwingine akaishusha akanirushia. Halafu mimi nasikiliza kwa spika ya simu na kutoa hukumu juu ya wanamuziki wa mwaka 1970! Kha!

MP3 yenyewe siilaumu. Kazi yake ni kutupa zile sauti ambazo sikio halizisikii kwa sababu zimefunikwa na kubwa, na ikipewa kilobiti za kutosha inaifanya vizuri. Ukiipa chache, inaanza kutupa na zile zinazosikika. Na ukibana kitu kilichobanwa, makosa yanazaliana.

Nikamwomba mjomba niondoke na mashine yake na santuri chache. Akachagua kumi na mbili, akaziandika moja moja kwenye daftari, jina la bendi na namba ya kibandiko. "Hizi ni kumi na mbili. Nitazihesabu." Sikucheka.

Hapa hosteli nikaanza kuona kwamba "kuziweka kwenye flashi" ni kazi ya ufundi. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ulikuwa umekakamaa, fundi mmoja Kariakoo akanitafutia mwingine. Sindano ilikuwa imekwisha, na sindano iliyokwisha haichezi santuri, inailima. Hiyo ndo iliyokula nusu ya boom, mama asisome hapa. Santuri niliziosha kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, nikikwepa kibandiko, maji yaliyotoka ni ya rangi ya chai. Kadi ya sauti nikaazima kwa yule produsa wetu wa hosteli anayerekodi bongo fleva chini ya blanketi. Mara ya kwanza umeme ulikatika katikati ya wimbo, mara ya pili mtu akaja kuuliza kama nina chumvi.

Jambo jingine mniambie kama mlilijua: santuri hizi za mjomba ni mono. Sauti yote iko kwenye kuyumba kushoto na kulia, lakini sindano ya kisasa ya stirio inasoma pia kupanda na kushuka, na huko kuna vumbi na mikwaruzo tu. Ukizichanganya pande mbili kuwa moja kwenye kompyuta, sehemu ya hiyo kelele inajifuta yenyewe. Dada wa uhandisi ndiye aliyenionyesha. Nilibofya mara moja na chumba kikatulia, kama mtu amefunga dirisha la upande wa barabara.

Halafu besi ikaja.

Jamani, besi ilikuwepo! Nene, inatembea, haina haraka. Chini ya gitaa la solo kulikuwa na gitaa jingine, na chini yake jingine. Yule dada alianza kuhesabu kwa vidole. Mwenzangu wa chumba akaacha kuongea, jambo ambalo sijaliona tangu mwaka wa kwanza. Na wimbo ulipofika pale unapokatika kwenye simu yangu, nilikuwa nimeshanyanyuka nikidhani umekwisha, kumbe ndo upande wa kwanza. Santuri ndogo upande mmoja unabeba dakika kama nne au tano tu, na nyimbo za dansi zilikuwa ndefu, kwa hiyo wanaupasua wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili. Ukigeuza ndo unapata magitaa yakiachiwa uwanja. Aliyetengeneza lile faili miaka hiyo hakugeuza. Mimi nimeishi miaka ishirini na mbili na nusu wimbo, nikidhani ni mzima.

Tena tukagundua nakala ya simu iko juu kidogo kuliko santuri, tukapima, inakwenda kasi kwa kama asilimia 3. Hiyo ni karibu nusu ya hatua moja ya kinanda. Mashine ya mtu fulani ilikuwa inakimbia, na sauti ya mwimbaji imekuwa nyembamba kwa vizazi viwili vya wasikilizaji.

Tukafanya na mtihani wa haki. Nimerekodi santuri kwa biti 24, bila kubana. Mwenzangu akafungwa kitambaa, dada akawa anachagua ama santuri yenyewe ama faili langu, spika zilezile, na tukahakikisha ukubwa wa sauti unalingana, maana yenye kelele zaidi kidogo sikio huiona ni bora. Mara kumi. Alipatia sita, na sarafu ya shilingi mia ingeweza kupatia sita. Mimi nilipatia tano. Kumbe hata "joto la santuri" linaingia kwenye faili bila shida, na mikwaruzo yake, kila kitu. Ilipochezwa nakala ya simu, alijua kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Mnaona tulipofika? Dada yuko sahihi, dijitali inaweza kuibeba santuri nzima mgongoni isidondoshe kitu ambacho masikio yetu yanaweza kukitaja. Lakini dijitali niliyokuwa nayo mimi, na mliyo nayo wengi wenu ya nyimbo hizi, imedondosha besi, imedondosha nusu ya wimbo na imebadilisha sauti ya marehemu. Anayeshinda ubishi kwa kusema "dijitali ni bora" halafu anatumia ushindi huo kutupa sanduku, ametumia hesabu ya Shannon kuhalalisha faili la debe.

Ndo maana nasema mjomba asiuze. Wenzangu wananiuliza: si umeshapata faili zuri, unataka nini tena? Nataka hivi. Faili langu ni picha ya sindano yangu siku ile. Nilivyo mwanafunzi wa mwaka wa pili na sindano ya bei ya boom, kuna kitu nimekiacha kwenye mfuo. Kesho kuna mtu atakuja na sindano bora, au bila sindano kabisa. Kule Berkeley, California, wanafizikia walitengeneza njia ya kuupiga mfuo picha na kuisoma sauti kwenye picha, na mwaka 2008 sauti iliyochorwa kwenye karatasi yenye moshi mwaka 1860 huko Paris ikasikika kwa mara ya kwanza. Aliyeichora hakuwa hata na wazo kwamba itachezwa! Sasa kama karatasi ya 1860 ilisubiri ikaongea, wewe unaiharakishia nini Polydor?

Na faili nalo hufa, tena kimyakimya. Santuri iliyokwaruzwa inacheza ikilalamika. Flashi ikiamua kufa haikwaruzi, inanyamaza. Hapa nyumbani tuna CD tulizochoma 2006 za harusi ya shangazi, kompyuta haizioni kabisa. Hata wenye nacho wanapoteza: moto wa Juni 2008 kwenye stoo ya Universal, Hollywood, uliteketeza mikanda mama mingi, na ukubwa wa hasara umekuja kuandikwa magazetini 2019.

Sina ugomvi na wanunuzi wa nje. Wengine wamefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Mfululizo wa Zanzibara ulioandaliwa na Werner Graebner na kutolewa Ufaransa umewafikishia watu taarab na dansi yetu ya zamani kwa sauti nzuri, na mimi mwenyewe nimejifunza humo. Ila yule anayekuja na bei ya sanduku zima, asiyetaka hata kusikiliza moja, huyo simwelewi. Na hata kama ni mwema, santuri ikishapanda ndege mimi nitarudi Morogoro na sindano bora kusoma nini?

Najua ni rahisi kusema haya nikiwa nimekaa hosteli ambako bati ni la chuo. Kwa mjomba mvua inaingia sebuleni, nimeiona ndoo kwa macho yangu. Siwezi kumwambia mzee alalie stoo ya taifa huku analowa, na taifa lenyewe halijamletea hata msumari. Nikapiga simu nikamweleza wazo langu: kwenye sanduku kuna ambazo ziko mbilimbili, nilihesabu kumi na tisa. Auze hizo, moja moja, kwa bei ya moja moja na si ya jumla. Nyingine nizirekodi vizuri mwaka huu wote, kumi na mbili kila safari, halafu tuzungumze upya. Akasema atafikiria. Mama yeye akasema nimetumwa flashi nimerudi na siasa.

Jumatano nikamtumia mjomba ule wimbo, pande zote mbili zimeunganishwa, nikamuuliza kama nitumie programu kuondoa ule mlio wa tik, tik, tik kwenye ubeti wa pili. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. "Huo uache," akasema. "Hapo mama yako aliangusha sindano, alikuwa na miaka tisa. Nilimchapa."

Mnunuzi anarudi Morogoro Jumapili hii. Mimi naondoka Jumamosi na treni ya asubuhi, na zile kumi na mbili zimefungwa kwenye taulo. Kuhusu zile nne za babu za mizunguko 78 nahitaji msaada wenu wadau: zinataka sindano pana zaidi ya hii niliyo nayo, na msiziguse na spiriti, inayeyusha. Kama kuna mtu anayo, hata ya kuazima wiki moja, au mzee wake ana mashine inayofika mzunguko huo, aniachie ujumbe hapo chini kabla ya Ijumaa jioni.